Obokima ulikuwepo kabla ya mahindi: naomba radhi kwa Magokoro

Wiki tatu zilizopita niliweka video nikisema ugali tuliletewa na mzungu. Kama hukuiona usijali, waliiona watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka, na mmoja wao ni Magokoro wangu kule Nyamira. Yeye hana simu kubwa. Binamu yangu ndiye alimwonyesha, akamtafsiria, halafu akanipigia na kumpa simu.

Sikutukanwa. Afadhali ningetukanwa. Aliniuliza tu: "Chai ilikuja na jina lake. Sukari ilikuja na jina lake. Huyo mzungu wako alipotuletea obokima, yeye alikuwa anauitaje?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina, kwa sababu jibu halipo. Hivyo hii post ni ya kujisahihisha, mnisikize mpaka mwisho.

Kwanza, nilikuwa na nusu ya ukweli. Mahindi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, na watu wa huko walianza kuyalima kama miaka 9,000 iliyopita. Yalifika pwani yetu na Wareno karne ya 16, lakini huku bara yalikawia sana kushika. Ule ugali mweupe tunaoujua ulishika kasi karne iliyopita, walowezi walipoleta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, moja ikiitwa Hickory King. Mpaka hapo sikudanganya.

Nilipodanganya ni kusema kwamba kwa sababu mahindi ni mgeni, basi obokima pia ni mgeni. Hapo ndipo Magokoro alinikamata, na amenikamata kwa neno moja tu.

Hebu liangalie hilo neno. Sisi Abagusii tunasema obokima. Mkikuyu anasema ngima. Mkamba, ngima. Nenda Mombasa, wenyewe husema sima. Sasa panda basi ushuke Malawi, utapewa nsima. Vuka Zambia, nshima. Huyo wa Lusaka hajawahi kufika Keroka, na wa Keroka hajui Lusaka iko upande gani, lakini wakikaa meza moja kila mtu anajua ni nini kimeletwa. Ile k yetu kwa Waswahili inageuka s au sh. Angalia shingo, ambayo Mkikuyu anaiita ngingo. Ni neno moja lenye nguo tofauti.

Watu hawawezi kugawana neno hivyo kutoka Gusii mpaka Zambia kama lilikuja jana na gari la mkoloni. Wazee wa hizi lugha waligawanyika zamani sana, kila mmoja akaondoka na jina la chakula chake mdomoni. Waingereza walipanda huku kwa bunduki 1905, wakarudi tena 1908. Neno lilikuwa limeshakaa.

Na kabla mtu wa Mombasa hajanicheka: ndiyo, najua kima ni mnyama wa jamii ya nyani, na najua kima ni nyama ya kusaga. Obokima hauhusiani na yoyote kati ya hizo mbili.

Neno "ugali" nalo si la mzungu. Rwanda wanasema ubugali. Kongo, ukienda Lubumbashi, utasikia bukari. Kiswahili kiliangusha ile b ya mbele, kikabaki na u. Ndiyo hiyo hiyo iliyo kwa obokima, ile "obo" ya mwanzo, ambayo sisi hatukuiangusha. Kwa hivyo ugali na obokima ni maneno mawili tofauti, yote ya nyumbani.

Mgeni anajulikana kwa jina. Mahindi, lisikize vizuri: ni nafaka ya Hindi. Waswahili waliona kitu kimetoka baharini wakasema ni cha Wahindi. Na hawakuwa peke yao kukosea. Waitaliano waliyaita granoturco, yaani nafaka ya Mturuki. Waturuki wenyewe wanayaita mısır, ambalo ndilo jina lao la Misri. Kila mtu alimsingizia jirani, na Mmeksiko ameketi kwake hana habari.

Sasa obokima ulikuwa wa nini kabla ya hapo? Obori. Wimbi. Ule wa kahawia, mzito, unaoletwa ndani ya ekee, kale kakapu kaliofumwa kwa mabua ya wimbi yenyewe. Wimbi huohuo ulitoa erongori ya asubuhi na amarwa ya wazee. Shamba moja, kazi tatu.

Nilimuuliza Magokoro kwa nini basi tuliuacha. Nilitarajia atalaumu mzungu. Akasema, "Nani angefukuza ndege?"

Hiyo sentensi imenikaa kichwani. Wimbi hukaa uchi shambani na ndege wanaupenda. Lazima mtoto ashinde hapo akipiga kelele. Palizi yake ni ya kuinama siku nzima, na kuna gugu linalofanana nao kabisa mpaka lichanue, ukipalilia bila jicho unang'oa chakula unaacha nyasi. Kuvuna ni suke kwa suke na kisu. Mahindi yamejifunga blanketi, ndege atahangaika. Watoto walipoenda shule na wanaume wakaenda kibarua, mama akabaki peke yake na shamba linalozidi kuwa dogo kila kizazi. Aki hata mimi ningepanda mahindi. Kisha 1964 mbegu chotara ya Kitale ikatoka, ikajaza ghala kuliko chochote walichowahi kuona, na hesabu ikaisha.

Lakini hicho kibarua ndicho nilitaka kufikia. Kuna jina la tatu, na hilo kweli lina mkono wa mkoloni: posho. Ni Kiswahili safi, maana yake chakula anachopimiwa mtu wa kazi. Vita vya 1914 mpaka 1918, vijana wa Kenya walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi (ndio maana kuna Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar), na posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi haujaiva, ukawaumiza matumbo. Baadaye mashamba makubwa yakalisha vibarua vivyo hivyo. Uganda mpaka leo ugali wa mahindi unaitwa posho. Yaani chakula kizima kimebaki na jina la mgao wa mfanyakazi! Sisi tumeliacha kwa mashine ya kusaga tu. (Wabunge nao wana posho zao, ila hizo haziumizi tumbo.)

Sokoro alichuma chai upande wa Kericho miaka mingi. Magokoro anasema ndiye aliyerudi na ulimi mweupe. Alizoea unga wa kupimiwa, akija likizo anauliza kama kuna "ya mahindi". Yeye akapika, kwa sababu mume ametoka mbali. Nyumba yetu ilibadilika hivyo, kwa mtu aliyechoka kuomba alichozoea. Kwa hivyo video yangu ilikuwa na kosa la pili: niliongea kama mahindi yalikuja kwa amri tu, na kumbe mengine yaliingia kwa mlango wa jikoni.

Nilienda kumwona Jumamosi. Nilipitia Daraja Mbili nikanunua wimbi, na nikaelewa kwa bei yake kwa nini watu wanauweka kwa uji wa mtoto tu. Akapika. Mtoto wa binamu yangu, yuko darasa la pili, akaangalia sahani akasema, "Hii si obokima. Hii ni matope."

Tulicheka, lakini Magokoro hakucheka. Alisema mamake alikuwa akisema "obokima" basi, bila kuongeza kitu, na kila mtu alijua ni wimbi. Ule mwingine ndio ulihitaji kuelezwa, obokima bw'ebando. Sasa yeye mwenyewe akitaka wimbi ni lazima aseme obokima bw'obori, la sivyo analetewa mweupe. Mgeni amelala kitandani, mwenye nyumba anaeleza ni nani.

Mtoto alikula kidogo, akaomba maziwa, akamaliza.

Video ya zamani sitaifuta. Nimeiweka maandishi juu: NILIKOSEA, na kiungo cha kuja hapa. Magokoro amesomewa haya yote kwa simu kabla sijapost. Amesema ni marefu mno, kwamba nimemtaja Sokoro vibaya kidogo lakini ni kweli, na kwamba nikirudi nibebe kilo mbili, ile moja imeisha.