Sauti ya Chama Kisicho na Mali

Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya kweli sokoni, lakini katika mambo ya vyama yataka kupimwa. Chama kidogo chaweza kuwa na shabaha njema kikafa bila ya kujulikana hata mtaa wa pili. Ndiyo maana kila chama kisicho na mali hukabiliwa na swali moja: kitasikiwaje? Historia ya Tanganyika kabla ya Uhuru yatupa jibu, na jibu hilo si lile tulilolizoea.

Tulilolizoea ni gazeti. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na Mambo Leo tangu mwaka 1923, nalo lilikwenda mbali kwa nguvu ya hazina na posta. Jumuiya ya Waafrika ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1929 pasipo nguvu za namna hiyo. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Jina lenyewe lilikuwa hoja: hapa husema wenye nyumba, si wageni wao. Mtu huyo hakuwa na hazina ya dola nyuma yake, na hata hivyo gazeti liliishi mpaka mwaka 1951. Wajuao kusoma walikuwa wachache, lakini msomaji mmoja akisoma kwa sauti, barazani husikia wengi.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta uwanja umekwisha kukaliwa. Redio ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa mikononi mwa serikali. Mapema mwaka 1957 Julius Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Kinywa kilipozibwa, kalamu ilizibuka: mwaka huo huo chama kilianza kutoa karatasi yake, Sauti ya TANU. Gharama yake haikuwa ya wino peke yake. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa makala iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000, au kwenda gerezani. Faini ililipwa. Kwa chama kilichoishi kwa ada za wanachama, hiyo ilikuwa bei kubwa ya maneno machache.

Lakini yafaa tuulize: ni nani aliyekijaza chama hicho watu kabla karatasi hiyo haijatokea? Mwezi wa Juni 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Tanganyika, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Aliyetokea kuwa jibu ni Bibi Titi Mohamed, mwenye kadi ya nambari 16, mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Yeye na wenzake waliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, vya lelemama na vinginevyo. Yasimuliwa kwamba katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi.

Siri ya jambo hili si muujiza. Kikundi cha ngoma kilikuwa na kiongozi anayetiiwa, michango iliyozoeleka, na mahali pa kukutania. Habari iliyopita humo haikufika kama tangazo la mgeni. Ilifika kama neno la shoga na jirani. Mwanamke aliyeambiwa na kiongozi wake wa ngoma hakuhitaji kujua kusoma ili aelewe, wala kuthibitishiwa ili aamini. Basi chama hakikununua chombo cha habari. Kilikiomba kile ambacho watu walikuwa nacho tayari. Karatasi iliyofuata mwaka 1957 ilikuta masikio yaliyokwisha kufunguliwa.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa historia tunapopaswa kujihadhari. Karatasi hukaa, ngoma hupita. Mtafiti aingiapo katika nyaraka hukuta Kwetu, hukuta Sauti ya TANU na hati za mashitaka, kisha hushawishika kuandika kwamba umma uliamshwa na maandishi. Ya wanawake wale yalibaki vifuani mwao. Susan Geiger aliwahoji Bibi Titi na wenzake tangu miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997, zaidi ya miaka arobaini baada ya mambo yenyewe. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Lau mahojiano hayo yangalichelewa kidogo, tungalikuwa na historia ya wino bila ya pumzi.

Kwa hiyo apimaye nguvu ya chama kidogo asihesabu nakala zilizochapwa tu. Na aulize pia ni baraza gani zilizozisoma, ni kinywa gani kilichozichukua, na ni nani aliyeaminiwa hata maneno yake yakafuatwa. Wako wengi katika nchi yetu waliofanya kazi hiyo wala hawakuacha mstari mmoja wa maandishi, na kila mwaka idadi ya wanaoweza kuulizwa yapungua.