Kitabu kilichoandikwa na watoto

Mwaka 1920 Célestin Freinet alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Jeraha la pafu alilolipata vitani lilimnyima pumzi ya kusema kwa muda mrefu. Aliona pia kwamba vitabu vya kusomea havikuwagusa wanafunzi wake. Walichangamka walipotembea mashambani na kuwatazama mafundi kazini.

Basi akapata mtambo mdogo wa kuchapa. Watoto walisimulia waliyoyaona, wakasahihisha simulizi pamoja, kisha wakapanga herufi za risasi moja moja kwa mikono yao. Kosa la tahajia lilionekana katika kila nakala, wala mwalimu hakuhitaji kufoka. Kurasa zilikusanywa zikawa kitabu cha darasa.

Baadaye nakala zilitumwa Trégunc, pwani ya Bretagne, kwa wanafunzi wa mwalimu René Daniel, nao wakarudisha zao. Kwa maoni yangu, msomaji huyo wa mbali alifundisha kuliko mtambo. Jirani ukimwambia “kule mtoni”, ameelewa. Mtoto wa Trégunc ilipasa aelezwe mto gani, na unapita wapi.