Posti ni yako au umekopi? Hivi ndivyo mashine inavyopima kwenye mitandao ya blokicheni

Tuseme uko Pito, Manispaa ya Sumbawanga. Umekaa na mzee, akakusimulia alivyosikia kwa babu zake jinsi Wafipa walivyoyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo. Umeandika, umeposti kwenye mtandao unaolipa kwa kripto. Kesho yake unakuta roboti imekomenti: maandishi haya yanafanana na mengine yaliyoko intaneti. Watu wanaanza kukupigia kura za kushusha, na malipo yako yanapungua.

Je, umeiba? Na roboti imejuaje? Twende taratibu.

Ilianzia wapi

Mtandao uliovuma zaidi kwa mtindo huu ni Steemit, ulioanzishwa mwaka 2016 na Wamarekani Ned Scott na Dan Larimer. Posti yako inapigiwa kura kwa siku 7, kisha unalipwa kwa sarafu za kidijitali.

Penye malipo, kukopi na kupesti hakukawii. Ndipo ikaja roboti iitwayo Cheetah, iliyokuwa ikiweka linki ya maandishi yanayofanana chini ya posti, pamoja na kikundi cha Steemcleaners kilichokuwa kikiwasaka wakopiaji. Machi 2020, baada ya Justin Sun wa Tron kuinunua kampuni ya Steemit, sehemu ya watumiaji walijitenga na kuanzisha mtandao wa Hive. Huko kazi ya ulinzi inafanywa na Hivewatchers.

Blokicheni inathibitisha nini?

Blokicheni ni daftari la pamoja ambalo kurasa zake za nyuma hazifutiki. Inathibitisha mambo mawili: posti ilitoka akaunti gani, na iliingia saa ngapi. Hata ukiihariri, toleo la kwanza linabaki kwenye kumbukumbu.

Lakini haithibitishi nani aliyetunga. Mtu akichukua maandishi yako ya Facebook akawahi kuyaweka kwenye blokicheni, daftari litamwonyesha yeye ndiye wa kwanza. Wa kwanza kuposti si lazima awe wa kwanza kuandika.

Asilimia inapatikanaje?

Njia inayojulikana sana ni kukata maandishi vipande vifupi vya maneno yanayofuatana, kisha kuhesabu vipande vinavyofanana. Mwanasayansi wa kompyuta Andrei Broder aliieleza mwaka 1997, akishughulikia kurasa za intaneti zinazofanana.

Chukua sentensi hii: "Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuru marefu ya udongo." Ina maneno 8. Ukikata matatu matatu unapata vipande 6: "wahunzi wa Ufipa", "wa Ufipa walijenga", na kuendelea.

Mtu akiikopi yote, vipande 6 kati ya 6 vinafanana. Hiyo ni 100%.

Sasa akibadilisha neno moja tu, "walijenga" liwe "wamejenga", vinabaki vipande 3 kati ya 6. Imeshuka hadi 50%.

Akiandika "wamejenga tanuru refu la udongo", kinabaki kipande 1 kati ya 6, yaani kama 17%. Habari ni ileile na mpangilio ni uleule, ila mashine inaona karibu kila kitu ni kipya.

Kiswahili kinaiponyoka mashine

Hapo ndipo penye shida yetu. Kiswahili hubeba wakati, umoja na wingi kwa viambishi vilivyoshikana na neno. Ukigusa kiambishi kimoja, kwa mashine inayolinganisha neno zima hilo limeshakuwa neno jingine. Mkopiaji mjanja wa Kiswahili anaweza kupata alama nzuri kirahisi sana.

Tafsiri ni mlango mwingine. Ukichukua makala ya Kiingereza kuhusu Maporomoko ya Kalambo ukaigeuza Kiswahili, hakuna kipande kitakachofanana, labda majina tu. Na mashine hulinganisha na kile tu inachoweza kukifikia. Kitabu cha zamani ambacho hakijawahi kuwekwa mtandaoni, kwake ni kama hakipo. Kwa hiyo kufanana 0% si ushahidi kwamba kazi ni yako.

Asiye na kosa naye hunaswa

Maelezo kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi" yameandikwa mara nyingi, na kwa maneno yanayokaribiana. Kila atakayeandika kuhusu mji huu ataonekana anafanana na wenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa methali, majina ya ofisi na nukuu za taarifa za serikali. Wapo pia wanaokopi kazi yao wenyewe kutoka ukurasa wao mwingine, na roboti haijui kwamba ni mtu yuleyule.

Asilimia inaeleza kiasi cha kufanana. Wizi unahitaji jicho la mtu: nani alitangulia, chanzo kimetajwa au la, na kilichochukuliwa ni maneno ya mwenzako au ni habari tu inayojulikana na wote.

Ufanye nini kabla ya kuposti

• Tunza rekodi ya sauti ya mahojiano, kwa ruhusa ya uliyemhoji, na picha zako kabla ya kuhaririwa.

• Taja aliyekusimulia, akikubali, na taja kitabu au ukurasa uliosoma. Kama umetafsiri, sema umetafsiri, na uwe na ruhusa ya mwenye kazi.

• Kama maandishi yalikwishatoka kwenye ukurasa wako mwingine, weka linki na uandike wazi kwamba ni wako.

• Ukituhumiwa, jibu kwa ushahidi, mapema, kabla siku 7 hazijaisha. Matusi hayarudishi kura.

Na ukikopiwa wewe? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako halisi tangu ulipoitunga, hata kama hujaisajili. Kwa Tanzania Bara, mambo haya yako chini ya COSOTA. Muda uliorekodiwa kwenye blokicheni unaweza kukusaidia kuonyesha kwamba siku fulani tayari ulikuwa na maandishi hayo. Ila ile rekodi ya sauti ya mzee wa Pito ndiyo itakayoonyesha yalikotoka, kwa hiyo usiifute ili kupata nafasi kwenye simu.