Kadi mpya ndani ya kompyuta ya zamani: kwa nini kazi haiendi mbio

Wasikilizaji wetu wa Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo, na ninyi familia mliovuka mto kutoka Lubunga kwa sababu ya vurugu zilizoanza 2023, swali hili limetufikia mara nyingi. Mtu ananunua kadi ya picha, ile tunayoiita karte grafiki, anaiweka ndani ya kompyuta yake ya zamani, halafu kazi inabaki polepole kama jana. Pengine inazidi kuwa polepole. Wanaouliza si wacheza michezo tu. Ni vijana wa studio wanaofanya montaji ya ndoa na matanga. Ni wazazi waliofika mjini na mfuko mmoja, wakaamua pesa kidogo iliyobaki iingie katika mashini ya kuwalisha. Kwao dola mia moja ikipotea, ni kodi ya nyumba na karo ya watoto iliyopotea.

Jibu wanalopewa mara nyingi ni hili: kadi ni feki, nunua nyingine. Mara nyingi si kweli. Kadi ni nzima, na ile ya pili itafanya vilevile. Ugonjwa uko katika miaka: vipande vilivyomo ndani ya sanduku moja vilizaliwa nyakati mbalimbali, na kila kimoja kinamngoja mwenzake.

Watu wa Kisangani hawahitaji kwenda mbali ili kuelewa jambo hili. Mto wetu unapitika kwa meli kutoka Kinshasa mpaka hapa, karibu kilometa 1,700. Kisha unakutana na maporomoko 7 ya Boyoma na meli haipiti. Ndiyo sababu wakoloni Wabelgiji walijenga reli ya kilometa 125 kutoka ng'ambo ya Lubunga mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka wa 1906. Mzigo wa Kindu unashuka melini, unapanda treni, unashuka tena Ubundu na kupanda meli nyingine. Sasa mtu alete meli yenye mwendo mara mbili kati ya Kinshasa na Kisangani. Mzigo wa Kindu utafika mapema zaidi? Utafika mapema bandarini kwetu, halafu utalala stesheni ukingoja treni.

Mhandisi mmoja Mmarekani wa kampuni ya IBM, Gene Amdahl, aliandika hesabu ya jambo hili hili kuhusu kompyuta mwaka wa 1967. Tuiseme kwa mfano wa studio. Filamu ya ndoa inachukua dakika 10 kutoka. Katika hizo, dakika 7 ni kazi ya prosesa na diski, dakika 3 ni kazi ya kadi ya picha. Umenunua kadi yenye nguvu mara mbili: dakika 3 zimekuwa moja na nusu. Jumla ni dakika 8 na nusu. Hata ukinunua kadi ya bei ya nyumba, hutashuka chini ya dakika 7.

Zamani kadi haikuwa na sehemu kubwa katika hesabu hiyo. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na kadi iliyojua kuonyesha tu. Ile ya rangi ilitoa rangi 4 kwa mara moja katika picha zake. Kuchora kulikuwa kazi ya prosesa. Mwaka wa 1987 ikaja VGA, jina ambalo bado liko midomoni mwa mafundi wetu kwa sababu ya ile kebo ya buluu ya skrini. Mwaka wa 1996 kampuni ya 3dfx ikauza Voodoo, kadi iliyochora michezo ya pande tatu peke yake na iliyohitaji kadi nyingine kando yake kwa kazi za kawaida. Mwaka wa 1999 Nvidia ikatoa GeForce 256, iliyompokonya prosesa hesabu nyingi za maumbo na mwanga.

Hapo ndipo kazi iligawanyika namna tunavyoijua leo. Prosesa anatoa amri, kadi inachora. Bosi akiwa mzee na mpole, wafanyakazi hodari wanakaa chini ya mwembe wakingoja amri. Ukifungua Task Manager na kuona prosesa iko asilimia 100 huku kadi iko asilimia 30, umekwisha kupata jibu, na hakuna haja ya kumlaumu muuzaji.

Baada ya bosi kuna njia. Kadi inaongea na kompyuta kupitia nafasi inayochomekwa, na nafasi hizo nazo zina historia. PCI ilitoka 1992, ikipitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote viligawana hizo. AGP ikafuata 1997, ya kadi ya picha peke yake. PCI Express ilitangazwa 2003, na ndiyo tunayotumia hadi leo. Ikiwa na njia zake zote 16, toleo la kwanza lilipitisha karibu gigabaiti 4 kwa sekunde, la pili la 2007 gigabaiti 8, la tatu la 2010 karibu 16, la nne la 2017 karibu 32. Zote zinafanana kwa macho. Kadi ya 2022 inaingia katika kompyuta ya 2011 bila kulazimishwa, inawaka, na mwenye mali anafurahi.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Januari 2022 kampuni ya AMD ilitoa kadi inayoitwa Radeon RX 6500 XT, na miezi michache baadaye mdogo wake RX 6400. Huyu mdogo anapendwa sana na wenye kompyuta za ofisi kwa sababu ni mfupi na hahitaji waya wa ziada wa umeme. Lakini kadi hizi mbili zinatumia njia 4 tu, si 16. Katika kompyuta mpya yenye toleo la nne, njia 4 zinapitisha karibu gigabaiti 8, na kazi inaenda. Katika kompyuta ya 2011 yenye toleo la pili, njia hizo 4 ni gigabaiti 2. Na kwa kuwa kadi nyingi za aina hii zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, ikijaa, kadi inaanza kuchota kutoka rami ya kompyuta kupitia kichochoro hicho. Picha zinakatika-katika. Waliozipima Ulaya na Marekani waliona hasara hiyo tangu wiki ya kwanza.

Kwa watu wa montaji kuna baya zaidi. Kadi hizo mbili hazina kile kipande kinachofunga filamu katika mtindo wa H.264 au H.265. Prosesa nyingi za Intel kuanzia 2011 zinacho ndani ya picha yao ndogo ya kuzaliwa nayo. Sasa, kompyuta nyingi za zamani zikiona kadi mpya imechomekwa, zinazima ile picha ndogo. Yaani mtu ametoa pesa, ameweka kadi, na bila kujua amezima fundi aliyekuwa akimfungia filamu zake. Prosesa anabaki kufunga filamu kwa mkono. Kazi ya nusu saa inakuwa ya saa nzima au zaidi, na mteja wa matanga anangoja mlangoni. Mtu huyo akisema kompyuta imekuwa mbaya kuliko zamani, hasemi uongo. Dawa yake wakati mwingine haigharimu kitu: kuingia katika mipangilio ya BIOS na kuiwasha tena ile picha ndogo, kama kompyuta inaruhusu.

Intel nayo, ilipotoa kadi zake za Arc mwaka huohuo wa 2022, ilisema wazi kwamba zinahitaji prosesa aweze kuona kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, badala ya kupitia dirisha dogo la megabaiti 256. Kompyuta nyingi za zamani zinajua dirisha hilo dogo tu. Kadi ya Arc ndani yake ni toleka iliyofungiwa injini ya pikipiki: kelele ipo, barabara hamalizi.

Mashini zenyewe zinatoka wapi? Nyingi ni za ofisi za Ulaya na Marekani zilizochoka. Nyingine zinapita Mombasa, Kampala na Kasindi, zikashuka Butembo na Beni, kisha barabara ya taifa namba 4 kupitia Komanda na Bafwasende, wakati usalama unaruhusu. Nyingine zinapanda mto kutoka Kinshasa. Ziliundwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua, bila wazo la kadi kubwa. Dell OptiPlex 7010 ile ndogo, ya 2012, ina kisanduku cha umeme cha wati 240. Nafasi ya kadi inatoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi inataka waya wake, na waya huo haupo. Wengine wanaunganisha kwa vipande vya waya. Tafadhali msifanye hivyo, moto haujui kwamba nyumba ni ya kupanga.

Na umeme wa mji tunaujua sote. Kituo cha mto Tshopo ni cha miaka ya 1950, mitambo yake 3 pamoja haifiki megawati 20 hata ikiwa mizima, na mji umekua mara nyingi tangu hapo. Volti zikishuka, kisanduku dhaifu kinashindwa kwanza pale kadi inapoomba nguvu nyingi: kompyuta inajizima katikati ya kazi, au inaanza upya. Ikiwa kompyuta yako inajizima saa ya jioni tu, wakati kila nyumba imewasha, ijaribu saa 8 usiku kabla ya kumrudishia mtu kadi yake. Kama usiku inafanya kazi, nunua stabilizateri nzuri.

Kuna makosa madogo pia. Kebo ya skrini imechomekwa mahali pa zamani, nyuma ya kompyuta, si kwenye kadi. Programu ya kuendesha kadi haikuwekwa, Windows inatumia ile yake ya msingi, na kadi imelala. Rami ni kipande kimoja, na viwili vingefungua njia mbili. Diski ni ile ya kuzunguka, inayosoma megabaiti mia moja na kidogo kwa sekunde. SSD ya bei ndogo inafika 500. Kwa kompyuta nyingi tunazoziona mjini, dola za kwanza zingeanzia kwenye SSD na rami, kadi ingefuata, kama bado inahitajika.

Kwa yule aliyekwisha nunua: chukua dakika moja ya filamu yako, itoe bila kadi, andika muda. Weka kadi, itoe tena, andika muda. Angalia prosesa na kadi zote mbili wakati kazi inaendelea. Na kwa yule ambaye bado hajanunua, beba kompyuta yako mpaka dukani ukafanye hivyo mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mfukoni.