Kodi Yetu: Tangu Kibanda Hata Kandarasi



Mwaka huu halmashauri imeonelea vema kuandika habari za kodi, kwa kuwa wengi wetu siku hizi ni mafundi wa kandarasi, na baadhi yao wametuletea barua za kudaiwa ambazo hawakuzifahamu.

Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1901, na haukupita muda mrefu ikafika rupia 3. Haikuuliza mtu amechuma nini, ilihesabu mapaa. Mwenye wake watatu, kila mmoja na kibanda chake, alilipa mara tatu. Kijana asiye na kibanda alisalimika mpaka mwaka 1910, ilipotungwa kodi ya kichwa, naye akapatikana. Wako wasemao kuwa shabaha ilikuwa kujaza hazina tu. Sisi hatuoni hivyo. Walowezi walitaka watu wa kazi. Na asiyekuwa na mifugo wala mazao ya kuuza, fedha za kodi angezipata wapi ila kwa kuandikwa kazi?

Shida ilizidi baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1920 kodi ilipanda hadi rupia 8, ambazo kwa hesabu ya fedha mpya zilikuwa shilingi 16. Mwaka uliofuata waajiri wa Kizungu wakapatana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Tena kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alikuwa amekwisha lazimishwa kuchukua kipande, ambamo mshahara wake uliandikwa. Basi mtu yule yule aliongezewa deni na kupunguziwa chumo. Harry Thuku na wenzake walilipinga jambo hilo Nairobi. Akakamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika kudai afunguliwe wakapigwa risasi, wengi wakafa. Mwaka huo huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Huko Nyanza, mwaka 1923, ikaundwa jumuiya ya ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, chini ya Archdeacon Owen. Tazameni jina walilolichagua: hawakujiita waombaji, walijiita walipa kodi.

Baada ya Uhuru mambo yalichukua sura nyingine. Tangu mwaka 1966 mwajiri hukata kodi ya mapato katika mshahara kabla haujafika mkononi. Mwenye kuandikwa kazi hunung'unika, lakini mwisho wa mwaka aghalabu hadaiwi.

Fundi wa kandarasi hayumo katika utaratibu huo. Kwa kandarasi zipasikazo, mlipaji humkatia asilimia 3 tu, na wengi hudhani yamekwisha. Hayajaisha. Sehemu hiyo ni malipo ya awali; hesabu kamili ni juu ya fundi mwenyewe, naye hutakiwa kuitoa kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Akinyamaza, deni humfuata kwa njia asiyoitazamia. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, kifungu cha 42, yampa Kamishna uwezo wa kumwandikia benki, au mtu yeyote anayemwia fundi deni, amlipe Kamishna badala ya fundi. Mtu wa mshahara amewekewa kinga hapo: kila malipo yasikatwe zaidi ya asilimia 20 baada ya kodi ya mapato. Malipo ya kandarasi si mshahara wa vipindi maalumu, kwa hiyo kinga hiyo haimfikii fundi. Fedha za nyumba nzima aliyoijenga zaweza kuchukuliwa kwa mara moja, ilhali vibarua wake na muuza saruji wangali wakimngoja mlangoni. Kwa maoni yetu hiyo ni kasoro ya sheria, na halmashauri inakusudia kumwandikia Mbunge wetu ili kifungu hicho kitazamwe upya.

Kwa sasa, kila mwanachama na adai hati ya ile asilimia 3 kila inapokatwa, maana bila hati hiyo ni vigumu kuitoa katika hesabu yake. Aliyepata barua ya Kamishna asiifiche. Ailete kwa Katibu pamoja na stakabadhi zake, isomwe kabla siku zake hazijapita.