Magitaa ya Morogoro

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, nao wasifiwa kwa maji yake na matunda yake. Lakini katika habari za muziki una sifa nyingine: ulilea bendi mbili za magitaa ambazo nyimbo zao zilivuka mipaka ya nchi. Wako watu wasiopenda dansi. Hatutaki kushindana nao hapa.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 kijana mmoja, Salum Abdallah, aliyezipenda mno santuri za Kuba, akaunda kundi lake, nalo ndilo lililokuja kuitwa Cuban Marimba. Husimuliwa ya kuwa zamani alitoroka kwao ili aende Kuba kujifunza muziki, akaishia Mombasa. Basi Kuba hakuiona, ila mapigo yake aliyaleta Morogoro, akayaimbia maneno ya Kiswahili, na redio ya Dar es Salaam ikayasambaza.

Tangu hapo mji ukagawanyika. Aliyekuwa wa huku hakutaka kusikia sifa za kule, kama ilivyokuwa katika ngoma za beni. Twaona ushindani huo ndio uliowanoa wapigaji, kwa kuwa makosa ya usiku hayakukosa mtu wa kuyacheka asubuhi.

Mwaka 1965 Salum Abdallah akafa katika ajali ya gari. Kundi lililosimama juu ya mtu mmoja kwa kawaida huanguka naye; lakini Juma Kilaza akashika uongozi, akiimba na kutunga, na Cuban Marimba ikaendelea miaka mingi. Kwa maoni yetu mtu huyu hasifiwi kama inavyompasa. Kurithi kiti cha mtu anayeliliwa na mji mzima ni kazi ngumu kuliko kuanzisha.

Miaka hiyo hiyo Morogoro Jazz ilimpata Mbaraka Mwinshehe, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, kazi tatu kwa mtu mmoja. Mwaka 1970 bendi hiyo ilifika hata Osaka, katika Maonyesho ya Dunia huko Ujapani. Mwaka 1973 Mbaraka akaiacha, akaunda Super Volcano, na santuri zake zikanunuliwa sana Kenya. Januari 1979 akafa Mombasa, naye kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Super Volcano haikumpata Kilaza wake, ikafifia.