Aang Hakuua
Tarehe 19 Julai 2008, Nickelodeon ilihitimisha katuni ya Avatar: The Last Airbender kwa sehemu nne mfululizo. Aang, mtoto wa miaka 12, aliweka mkono mmoja kwenye paji la uso la Ozai, mtawala wa Taifa la Moto, na mwingine kifuani, akamnyang'anya nguvu za moto badala ya kumuua. Wapo wanaolalamika kwamba kasa-simba aliyempa uwezo huo alichomekwa dakika za mwisho. Wana haki kiasi: mchoro wake uliopita maktabani katika msimu wa pili haukutosha kutuandaa. Lakini msimamo wa Aang haukuchomekwa. Tangu 2005 tulimjua mtawa asiyekula nyama, wa mwisho katika watu wa hewa walioangamizwa na Sozin, babu yake Ozai. Hata roho ya Yangchen, aliyemtangulia Aang kama Avatar, yaani mlinzi wa usawa wa dunia, na aliyezaliwa miongoni mwa watu haohao wa hewa, ilimhimiza aue. Angekubali, mafundisho ya mwisho ya watu wake yangezimika naye, na Sozin angekuwa amemaliza kazi yake.